Yuko, Ametoka Kidogo

Soweto West, Kibera
Usiku wa kuamkia safari yako

Athieno mwanangu,

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya sweta na ya wanaume mama yako ameyamaliza. Nilimsikia akiyarudia hata baada ya wewe kuanza kukoroma, kwa hiyo mimi sitayagusa. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza wakati wa chakula, nami nikalikwepa.

Ulikiweka kile kijitabu cha idara kando ya sahani yangu, ukafungua ukurasa uliokuwa umeukunja pembe, ukasema, "Baba, huyu ni nani?"

Mama yako akachungulia. "Si ni babako. Ama kuna Ochwo mwingine alinioa nikiwa nimelala?"

Wewe hukucheka. Ulisema kwamba siku ya mahojiano ya kazi kule Kampala mkuu wa idara alikushika mkono kwa mikono yake miwili, akakuambia, "Karibu sana. Babako ametueleza habari zako." Ukaniuliza kama nimewahi kuwaandikia. Nikakuambia ule, omena inapoa.

Sijawaandikia, Athieno. Tangu nilipovuka mpaka pale Busia sijawapelekea hata salamu kwa mdomo wa mtu. Hakuna aliyewaambia kwamba nina binti, wala kwamba binti huyo amesomea ualimu na sasa anakwenda kuwa mwalimu mdogo katika idara ileile ya chuo cha Kampala niliyoikimbia. Ulipoomba kazi ile nilinyamaza, kwa sababu nilidhani wamekwisha kunisahau. Kesho unapanda basi kwenda kwao. Sitaki ufike mlangoni pao bila kujua ni nani anayekungoja.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha uliyokulia. Lugha ya mama yangu sikukufundisha. Utaelewa kwa nini ukisoma mbele.

Nianze na kijitabu chenyewe. Katika siku zangu pia kilikuwapo. Kila mwaka kila mwalimu wa idara aliandika mistari michache: alikozaliwa, alikosoma, na jambo analolichunguza. Tulikuwa tukiifanyia mzaha mistari ile. Nilihitaji kuzeeka ndipo nikaona kwamba karibu kila mtu katika kitabu kile alikuwa akichunguza kitu kilichomuumiza utotoni. Profesa Lubowa, mkuu wetu, alikuwa akiandika historia ya shule za wamisheni. Alisema angeweza kukisia umri wa shule kwa kupapasa madawati yake. Baba yake alikuwa seremala. Alitengeneza madawati ya shule ambayo haikuwapokea wanawe. Daktari Kibirige, ambaye chumba chake kilipakana na changu, alilelewa katika nyumba ya mayatima ya misheni, na yeye alichunguza uongo wa watoto: mtoto huanza lini kudanganya, na anafika umri gani ndipo anaanza kuuamini uongo wake mwenyewe. Alikuwa mtu mpole. Alikula karanga kutoka mfukoni na kucheka bila kutoa sauti.

Mimi nilichunguza jinsi mtoto anavyokutana na herufi mara ya kwanza. Bibi yako, mama yangu, hakujua kusoma. Nilipokuwa mdogo sana alikuwa akinipeleka dukani, ananionyesha pakiti ya majani ya chai au ya chumvi, anasema, "Inasema nini?" Nami kabla sijajua hata herufi moja nilikuwa nakisia, na yeye anatingisha kichwa kama mtu aliyeelimishwa. Nimetumia maisha yangu yote kumtafutia mtoto yule jibu la kweli.

Kisha zikaja zile siku ambazo watu walikuwa wakichukuliwa na askari, wasirudi. Hizo umezisoma shuleni, sitazieleza. Kibirige alichukuliwa mchana, kwenye ngazi, karanga zikamwagika na zikabaki pale hadi ndege walipozila. Hatukupewa taarifa wala maiti. Na hapo idara yetu ikafanya kosa ambalo nadhani walimu tu ndio wangeweza kulifanya, kwa sababu lilitokana na wema na utaratibu.

Tuliamua kwamba hatutamtoa Kibirige. Kama tungetangaza kwamba kiti chake ki wazi, mke wake angetolewa katika nyumba ya chuo, na jina lake lingekuwa limefutwa na sisi wenyewe, wenzake. Kwa hiyo kibao cha jina kikabaki mlangoni. Kikombe chake kikaendelea kuoshwa na kupangwa pamoja na vyetu. Vipindi vyake vikagawanywa, na aliyevishika alivishika kwa jina la Kibirige: alisahihisha insha akatia sahihi ya Kibirige, akasema "kama nilivyowaambia wiki iliyopita" hata kama wiki iliyopita hakuwapo. Na mgeni yeyote aliyekuja kumuulizia, tarishi wetu Yokana, aliyekaa kwenye stuli mwanzo wa ukumbi, alimjibu maneno yaleyale: "Yuko, ametoka kidogo." Kisha akamwonyesha benchi.

Vipindi vingi vilinijia mimi. Lubowa alisema sauti zetu zinafanana.

Mwanzoni niliona aibu. Baada ya muda nikaacha kuona aibu, na hapo ndipo ningetakiwa kuogopa. Nilianza kula karanga. Siku moja nilikuwa nikifundisha juu ya uongo wa watoto, nikahitaji mfano, na mfano ukanijia wenyewe mdomoni: mtoto yatima aliyewaambia wenzake kwamba baba yake ni mkuu wa stesheni ya reli, na kila jioni aliposikia filimbi ya gari moshi alisema, "Huyo baba ananiaga." Wanafunzi waliupenda mfano ule. Nilipotoka darasani nilimkuta mke wa Kibirige amekaa kwenye benchi, chini ya dirisha la darasa, mkoba mapajani.

"Habari ya stesheni umeambiwa na nani?" akaniuliza.

Nikasema sijui, labda nimeisoma mahali.

"Haijaandikwa mahali," akasema. "Aliniambia mimi peke yangu, usiku tulipooana. Aliona haya." Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba radhi, "Je, yuko humo?"

Sikujua anauliza juu ya chumba au juu yangu. Nami, Athieno, nikamjibu kama Yokana. Nikasema, "Yuko, ametoka kidogo."

Alikuwa anakuja kila siku ya kazi. Anakaa mpaka ofisi zifungwe, kisha anaaga kwa adabu. Tulijipongeza kwamba tumemhifadhia nyumba. Hatukuona kwamba tumemnyima kilio. Jirani zake walipotaka kukaa naye matanga, aliwaambia mume wake yuko kazini, na alikuwa akisema kweli kwa kadiri ya maneno ya watu wote waliosoma katika jengo lile.

Nitakueleza nilivyoondoka, maana nimekuwa nikikuambia kila mara kwamba "walikuja kunitafuta", na hiyo si sahihi. Hawakuja kunitafuta mimi. Ilikuwa asubuhi yenye jua, nilikuwa darasani kwa jina la Kibirige. Gari likasimama nje. Nikasikia viatu vizito vikija ukumbini hadi kwa Yokana, na mtu akauliza, "Kibirige yuko?"

Yokana akajibu kwa mazoea, "Yuko, ametoka kidogo."

Mlango wa darasa ulikuwa wazi kidogo, nikawaona. Yule aliyekuwa mbele, mkubwa wao, alikuwa amevua kofia. Akauliza tena, sasa kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, "Ni yeye mwenyewe? Umemwona kwa macho yako? Anafundisha?"

Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijaona uso wenye hofu kama ule. Walikuwa wanajua walikomwacha Kibirige. Mkubwa fulani aliyesikia kwamba bado anafundisha alikuwa amewatuma waje kuhakikisha, na wao walikuwa wanaomba Mungu wasimkute. Nadhani ndiyo maana hawakuharakisha. Nilitoka kwa mlango wa nyuma chaki ikiwa mkononi. Nilivuka Busia kwa miguu, kati ya wanawake waliobeba ndizi, na chaki ile nilikuja kuiona mfukoni nikiwa Kawangware, Nairobi.

Kawangware hukumbuki vizuri, tuliondoka ungali mdogo. Tulikaa katika vyumba vya mbao vya Mzee Njoroge, ambaye shamba lile lilikuwa la babu yake kabla halijawa mtaa. Ndipo nilipokutana na mama yako, aliyekuwa ametoka upande wa Kisumu na kuuza omena kwenye kona. Mzee Njoroge alikuwa mtu wa maneno machache na ploti nyingi. Alijenga chumba kirefu nyuma ya ploti yake, akaniita.

"Mwalimu, watoto wa hapa wanazunguka tu kama kuku. Mimi niko na nyumba, wewe uko na kichwa. Si tuanze shule?"

Nikamwambia nashukuru, lakini mwezi ujao narudi kwetu, nina kazi yangu chuoni.

Mwaka uliofuata akauliza tena. Nikamjibu vilevile. Akavua kofia akajikuna. "Huo mwezi wako, mwalimu, mimi nimeutafuta kwa kalenda sijauona."

Sikupigilia msumari ukutani mwake. Nguo zetu zilikaa ndani ya sanduku na vitabu vyangu ndani ya katoni zilizofungwa kamba. Sikununua kitanda kizuri. Mama yako alikuwa akisema, "Hata mbwa wa Njoroge ako na msumari wake wa kufungiwa. Sisi tumening'inia wapi?" Nilikuwa namwambia avumilie. Lugha ya kwetu sikukufundisha kwa sababu niliona utajifunza tukifika, kutoka kwa bibi yako, kwa matamshi yanayofaa. Wewe ulijifunza kutoka kwangu jambo moja tu: kulala na viatu kando ya kichwa. Usiku huu nimekuona umevipanga hivyo tena, na safari hii angalau unayo sababu.

Kuna asubuhi nilizoamka Kawangware nimechoka, koo limekauka, kama mtu aliyefundisha mchana kutwa. Na siku nzima nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti cha mama yako nikingoja habari. Sikumwambia mtu.

Kisha akaja Opio.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Kijana mmoja wa kwetu aliyevuka mpaka majuzi alikuwa amesimama nje ya lango akitafuta watu wa nyumbani. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja. Nikampa mkono, akauangalia kwanza.

"Mwalimu Ochwo," akasema. "Umefika lini hapa?"

Nikamwambia nimekaa miaka.

"Hapana," akasema. "Hapana, mwalimu. Ulinifundisha."

Nikamwuliza alisoma lini. Aliponiambia, nilitafuta mahali pa kukaa. Alikuwa ameingia chuoni baada ya mimi kuondoka, na kumaliza juzi juzi.

"Uliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto," akasema, kama mtu anayenikumbusha ili nikome kumtania. "Ulikuwa ukikohoa kabla ya kusema jambo zito. Ulituambia habari ya mama anayemwonyesha mtoto pakiti ya chumvi."

Hadithi ile, Athieno, sikuwahi kumwambia mtu chuoni. Niliionea haya. Mama yako mwenyewe nilimweleza baada ya wewe kuzaliwa.

Mama yako alikuwa amesimama hapo, wewe umelala mgongoni mwake. Akamwambia Opio, "Kijana, huyu mzee hata sokoni hawezi kwenda bila kupotea. Kampala alifika saa ngapi?" Opio akajaribu kutabasamu. Halafu akaniambia jambo ambalo aliona ni salamu njema.

"Mamako pia tulikuwa tunamwona. Alikuwa anakuja kutoka Tororo, anakaa kwenye benchi nje ya mlango wako. Anabeba simsim kwenye kikapu."

"Aliambiwa nini?"

"Yokana alikuwa akimwambia uko. Umetoka kidogo."

Nikamwuliza kama bado anakuja. Akaangalia viatu vyake. Jamaa zake walikuwa watu wa karibu na kwetu, na walikuwa wamekwenda kumzika mama yangu. Nikamwuliza kama alinilaumu. Opio akasema hakunilaumu. Watu walipomwuliza mbona mwanawe haji kumwona, alikuwa akisema, "Ana kazi nyingi."

Jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye kibao, juu ya kichwa chake, na yeye hakuweza kulisoma.

Nilirudi nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Njoroge nikamwomba nyundo. Alinipa nyundo na misumari, akanifuata hadi mlangoni kwangu, akasimama akitazama nikipigilia msumari, nikitundika koti langu. "Leo ndio mwezi ujao," akasema. Kisha akaona uso wangu, akaenda zake taratibu.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, mwanangu, na si lile la kukimbia. Nilijiona mimi wa kweli niko kule, katika chumba chenye kibao, na huyu wa Kawangware ni mtu anayengoja tu. Nilimwachia yule maisha yangu, akayachukua. Wewe ulitambaa na ukaanza kutembea mbele ya mtu aliyekuwa ametoka kidogo.

Shule ya Mzee Njoroge ilikuwa imekwisha kupata mwalimu mwingine. Wanawe walipobomoa vyumba vya mbao ili wajenge vya mawe, tulihamia Kibera, kwanza Kisumu Ndogo karibu na wauzaji wenzake mama yako, kisha hapa Soweto West. Mengine umeyaona. Umeniona nikianzisha darasa katika kanisa la mabati, nikiwafundisha watoto kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungia omena, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Uliwahi kunisaidia kuvianika vikauke. Ulikuwa ukilalamika kwamba alfabeti yako inanuka samaki.

Wenzangu wengi waliokimbia wamerudi kwao miaka hii. Wamenipitia hapa kuniaga, wakaniuliza nangoja nini. Niliwaambia nimezeeka. Ukweli ni kwamba niliogopa kubisha mlango ule na kusikia sauti yangu ikisema, "Ingia."

Sasa nirudi kwenye ukurasa ulionionyesha. Nimeusoma mara nyingi tangu mlale. Mahali nilipozaliwa ni sahihi. Nilikosoma ni sahihi. Kisha wanasema kwamba siku hizi Ochwo anachunguza "jinsi watoto wa mitaa ya mabati wanavyojifunza kusoma kutokana na karatasi zilizofungia chakula." Mtu wa Kampala ameyajuaje hayo? Na chini kabisa wameongeza kwamba hana saa maalumu za kuonana na watu, na wageni wanaombwa kusubiri kwenye benchi.

Sikukupa jibu wakati wa chakula kwa kuwa sina jibu la kisomi. Ninalo jambo moja tu ninalolijua kwa kulipitia. Nilipokaa katika nafasi ya Kibirige nilianza kujua mambo yake ambayo hakuna aliyeniambia. Nilikaa huko kwa muda mfupi. Yule aliyepewa vipindi vyangu, pengine kijana mwema aliyeombwa na Lubowa kama nilivyoombwa mimi, amekaa katika nafasi yangu umri wako wote na zaidi. Stesheni mimi niliijua baada ya miezi. Yeye sasa anajua nini? Jina lako analijua, hilo umelisikia. Huenda anajua kwamba ukikasirika unaosha vyombo. Huenda anakupenda. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kwamba huenda anakupenda kweli.

Wiki ile ulipokwenda kwa mahojiano, mama yako aliniambia asubuhi kwamba nilikuwa nikizungumza usingizini. "Ulikuwa unakaribisha mtu kwa Kizungu," akasema. "Ingia, keti, umesafirije. Nikasema huyu mzee ana wageni na hajaniambia nitafute maziwa." Tulicheka. Baadaye nilihesabu siku, nikaona ndiyo asubuhi uliyokuwa mbele ya jopo lao, na nikaacha kucheka. Uliponieleza leo habari ya yule mkuu wa idara nilitaka kukuuliza kama alikuwa peke yake, au kama kulikuwa na mzee mwingine amekaa nyuma, karibu na dirisha, asiyesema. Sikuuliza. Naomba usiniambie.

Unaweza kusema, "Basi nisiende." Nimelifikiria. Mama yako pia aliniuliza, baada ya kuzima jiko, "Tumzuie?" Nikamwambia hapana. Ile ni kazi nzuri na umeipata kwa kichwa chako. Usipokwenda, utakuwa wewe ndiye unayengoja, na nyumba hii imekwisha kungoja vya kutosha. Watu wa idara ile si wabaya. Walianza kwa huruma, na huruma ile hakuna aliyeikomesha, maana kila mmoja aliona ni vibaya kuwa wa kwanza. Wewe huna deni lolote la utaratibu ule. Hukuwapo ulipoanzishwa.

Watakuomba uandike mistari yako katika kijitabu cha mwaka ujao. Niliona umekwisha kujaribu, kwenye ile karatasi uliyoacha juu ya redio. Mahali pa kuzaliwa umeandika "Nairobi", ukakata, ukaandika "Nairobi" tena. Andika Kawangware, na kwamba umekulia Kibera. Na utakachochunguza, usikichague kwa kuwa kinanukia vizuri katika ukumbi wao. Chunguza kile kinachokuuma. Kama ni baba aliyekuwa nyumbani na hakuwapo, chunguza hicho. Sitaona haya. Mtu asiposema alikotoka, watu wazuri watamsemea, na yale watakayoyasema yatakuwa na miguu yake yenyewe.

Ukifika, utakuta mwanzo wa ukumbi amekaa mtu kwenye stuli. Yokana atakuwa amestaafu au amekufa, lakini aliyerithi stuli amerithi na maneno. Utamwambia unamtaka Mwalimu Ochwo, kwa maana najua hutaweza kujizuia, mimi pia nisingeweza. Atakuambia yuko, ametoka kidogo. Atakuonyesha benchi.

Usikae, Athieno. Hilo ndilo agizo langu pekee. Umechoka na safari, mzigo ni mzito, benchi liko kivulini, na bibi yako alikaa pale. Mimi nakuomba usikae.

Nenda mlangoni ubishe. Ukikuta chumba kitupu, kifagie na umpe mtu mwingine. Ukiitikiwa, ingia umsalimie kwa heshima, kwa maana huenda ni mzee kama mimi, na amefundisha vizuri. Mwambie mama yetu alikuja na simsim, akasubiri, na sasa hayupo. Nadhani hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Kisha mwombe akukubalie, ukitoe kile kibao mlangoni. Kimeshikwa na misumari miwili midogo. Nimekutia nyundo ya Mzee Njoroge chini ya sanduku, ndani ya ile khanga ya bluu. Sikumrudishia, na yeye hakuidai.

Na siku yoyote, katika ukumbi ule, mtu akikuuliza wewe kama Ochwo yuko, mjibu polepole asikie. Mwambie yuko Soweto West, Nairobi, njia ya kanisa la mabati, mlango wa kijani. Ana koti kwenye msumari. Hajatoka.

Mimi babako,
Ochwo